Sanduku la Bati na Bastola Isiyokula

Bastola mpya ikikataa kula, mwenyewe hulaumu mtutu. Akishamaliza mtutu hulaumu springi, kisha kiwanda, kisha aliyemuuzia. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi ni fundi silaha. Nilianza kazi hii jeshini nikiwa kijana, na sasa naifanya katika karakana yenye kibali hapa Dar es Salaam. Kila nikiwekewa mezani bastola mpya inayokwama, swali langu la kwanza huwa hilo hilo: "Magazini yake iko wapi?" Mara nyingi mteja ameiacha nyumbani. Kaniletea mzima, mgonjwa kamwacha kitandani.

Watu huniona mzee mwenye ushirikina wake. Lakini waliobuni silaha hizi walianza kulijua jambo hili kabla reli ya kutoka Mombasa haijafika Nairobi mwaka 1899, na kila kizazi kilichofuata kimelazimika kujifunza upya, kwa gharama yake. Mtutu haukuwasumbua sana wahunzi wa Ulaya. Walikuwa wameuzoea kwa karne kadhaa. Kilichowatoa jasho ni kisanduku cha bati kinachobeba risasi.

Tazama kinachotokea bastola ya kujipakia inapofyatuliwa. Slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma, inatupa ganda tupu, kisha springi inaisukuma mbele. Ikienda mbele inaichota risasi iliyo juu kabisa kwenye magazini, ncha ya risasi inapanda mteremko mfupi wa chuma, inaingia chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu. Yote hayo yanakwisha kabla hujapepesa jicho, na hakuna mkono wa mtu unaoielekeza risasi njiani. Kinachoielekeza ni midomo ya magazini, yaani zile kingo mbili zilizokunjwa juu ya kisanduku. Ikikaza mno, risasi haitoki. Ikilegea, risasi inaruka mapema na kugonga juu ya chemba. Mdomo mmoja ukipinda kidogo tu, risasi inakwenda upande. Na midomo hiyo ni bati. Bastola ikianguka salama na magazini ikaangukia kichwa, umekwisha.

Hadithi ya silaha inayojipakia ilipita kwetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Februari 1887 Henry Morton Stanley alifika Unguja akijiandaa kwenda kumtafuta gavana Emin Pasha. Aliondoka kwa meli pamoja na Tippu Tip na mamia ya Wazanzibari, wakazunguka kusini mwa Afrika hadi mlango wa mto Kongo. Katika mizigo yake ilikuwemo bunduki ya Hiram Maxim, Mmarekani aliyekuwa London, ambaye mwaka 1884 alionyesha kwamba nguvu ya risasi moja inaweza kupakia risasi inayofuata. Kufuli lake lilikuwa vyuma viwili vilivyoungwa kwa bawaba, kama goti la mtu: likinyooka linahimili kishindo chote, likikunjwa linafunguka. Risasi zake zilikaa kwenye mkanda wa kitambaa. Kitambaa kikilowa mvua kilibadilika umbo, na bunduki kubwa iliyotisha majeshi ikakwamishwa na uzi na maji. Ugonjwa wa kulisha, basi, ulizaliwa siku moja na silaha yenyewe.

Maxim ilikuwa kubwa, iliweza kuvumilia masizi ya baruti nyeusi. Bastola isingeweza. Baruti ile ilijaza uchafu kila tundu, na vyuma vidogo vinavyotakiwa kwenda na kurudi vingeganda baada ya risasi chache. Mwaka 1884 huo huo Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Tofauti ya baruti hizo mbili ilionekana katika vita vya Tanga, Novemba 1914. Askari wengi wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck walikuwa bado na bunduki za Kijerumani za mwaka 1871, zenye risasi nene ya milimita 11 na moshi uliomtaja mpigaji mahali alipo. Waingereza walipokimbilia melini waliacha bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Kwa askari wa Kijerumani hiyo ilikuwa kuhama karne kwa siku moja.

Bunduki hizo za Waingereza zilikuwa na kisanduku kilichobuniwa na James Paris Lee, mzaliwa wa Uskoti aliyekulia Kanada. Mwaka 1879 alipata hataza ya Marekani ya sanduku la chuma lenye springi chini na kingo zilizokunjwa juu, lililopachikwa chini ya bunduki. Kila magazini ya bastola unayoiona leo ni mjukuu wa sanduku hilo. Kiwanda cha Sharps, huko Bridgeport, ndicho kilichoanza kutengeneza bunduki ya Lee, na msimamizi wa kiwanda hicho alikuwa Mjerumani kutoka Magdeburg, Hugo Borchardt. Kiwanda kikafa, Borchardt akarudi Ulaya akiwa na sanduku lile kichwani.

Mwaka 1893, kwa kampuni ya Ludwig Loewe ya Berlin, Borchardt alitoa bastola ya kwanza ya kujipakia iliyouzika kwa maana halisi. Alichukua goti la Maxim akalifanya dogo, akachukua sanduku la Lee akalificha ndani ya mpini. Risasi nane mkononi mwako! Lakini ilikuwa kubwa, mpini umesimama wima, na springi yake imekaa kwenye kibuyu cha chuma nyuma, hata kuishika ni taabu. Zilitengenezwa kama 3,000 hivi. Alichoacha cha kudumu ni risasi yake: shingo nyembamba, kiuno kipana, na kitako kisicho na ukingo uliochomoza nje. Risasi ya namna hiyo inateleza juu ya mwenzake bila kukwaruzana.

Ukingo huo wa kitako una kesi yake. Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliyebaki kambini kama fundi wa kiraia. Siku zangu za mwanzo hakuniruhusu kugusa bisibisi. Alinipa rundo la risasi za zamani za .303, zenye kitako kilichochomoza, akaniambia nizipange kwenye magazini. Nikazipanga. Akavuta komeo, risasi ya juu ikaenda nusu ikakwama.

"Umeona, mwanangu?" akasema. "Ukingo wa juu umekaa nyuma ya ukingo wa chini. Wa juu akitaka kuondoka, wa chini anamshika shati. Wa juu atangulie siku zote."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa toa zote, panga tena. Polepole, hatuendi vitani Burma."

John Browning, Mmarekani wa Ogden, Utah, alikutana na kesi hiyo hiyo. Bastola yake ya mwaka 1900, iliyotengenezwa na FN huko Herstal, Ubelgiji, ndiyo iliyoizoesha dunia slaidi. Risasi yake ya 7.65 ina ukingo mdogo uliochomoza, nusu tu. Nusu hiyo imetosha kukwamisha bastola ndogo za mfukoni kwa zaidi ya miaka mia: mtu anapakia kwa haraka, ukingo mmoja unarudi nyuma ya mwingine, na anabaki anasukuma slaidi kwa kiganja bila faida. Browning mwenyewe aliuacha ukingo huo katika risasi zake za baadaye, ile ya .45 na ile ya 9mm fupi. Mteja akiniletea bastola ya 7.65 inayokwama, siigusi springi kabla sijamwona akipakia kwa mkono wake.

Wapo waliojaribu kulikwepa tatizo la mteremko kabisa. Mwingereza Hugh Gabbett-Fairfax alibuni bastola aliyoiita Mars, ambayo iliivuta risasi kutoka magazini kurudi nyuma, ikainyanyua, ndipo ikaisukuma chemba. Njia ndefu hiyo ilihitaji risasi yenye nguvu za kupita kiasi. Maganda yalimrukia mpigaji usoni, na wanamaji wa Uingereza walioijaribu hawakuwa na hamu ya kuirudia. Zilitengenezwa kama themanini tu, na mbuni akafilisika. Ndugu wa ukoo wa Feederle, katika kiwanda cha Mauser, walichagua njia nyepesi: magazini isiyotoka, mbele ya kifyatulio, inayolishwa kutoka juu kwa klipu ya risasi kumi. Midomo yake imechongwa katika chuma cha bastola yenyewe, haipindi. Winston Churchill, aliyekuwa na bega bovu lisiloweza upanga, aliibeba Mauser hiyo vitani Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898. Lakini ilikuwa nzito, na kuilisha kulihitaji mikono miwili na utulivu.

Mrithi wa Borchardt alikuwa Georg Luger, mzaliwa wa Tirol. Aliulaza mpini, akafupisha goti, akapunguza risasi. Uswisi ikaichukua mwaka 1900, jeshi la majini la Ujerumani mwaka 1904, jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Ni jeshi hilo la majini lililoleta manowari Königsberg pwani yetu mwaka 1914, likaiacha chini ya maji ya Rufiji Julai 1915.

Luger ni bastola tamu kulenga, ila ina nongwa. Goti lake linaondoka na kurudi kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo springi ya magazini lazima iwe kali ili risasi inayofuata iwahi kupanda. Springi ikichoka, goti linapita juu ya risasi na kufunga chemba tupu. Risasi dhaifu nayo inalifanya goti lisikunjike vya kutosha. Wajerumani hawakudanganyana kuhusu hili. Kila bastola ilitoka na magazini mbili, zote zimegongwa namba ya bastola hiyo, na ile ya akiba ikaongezewa alama ya kujumlisha. Ofisa wa Kijerumani hakuokota magazini yoyote iliyo karibu. Alikuwa na zake, zilizopimwa na silaha yake. Katika historia nzima ya bastola sijui uamuzi mdogo wenye hekima kuliko huo.

Waingereza walijaribu ya kwao. Bastola ya kujipakia ya Webley & Scott iliingia jeshi lao la majini mwaka 1912. Vyuma vyake viliungwa kwa kubana sana, kazi nzuri ya mezani. Kwenye matope ubanano huo ukageuka kasoro, kwa sababu uchafu haukuwa na mahali pa kwenda. Ndiyo sababu ofisa wa KAR aliyepita Kilwa au Lindi akimfukuza Lettow alipendelea Webley ya silinda. Silinda haina midomo, haina mteremko, haina springi ya kulisha. Inazungushwa na kidole chako.

Marekani ndiyo iliyoamua kulimaliza suala hili kwa majaribio. Baada ya majaribio ya mwaka 1907, ambapo Luger alileta bastola ya .45, walibaki wawili: Colt, iliyobuniwa na Browning, na Savage. Miaka minne ilipita wakirekebisha. Machi 1911 kila bastola ilipigwa risasi 6,000. Baada ya kila 100 ilipumzishwa dakika tano, baada ya kila 1,000 ilisafishwa na kutiwa mafuta. Kisha ikalishwa risasi zilizoharibiwa kwa makusudi, nyingine zimezamishwa sana kwenye ganda, nyingine zimechomoza. Ikatiwa asidi hadi ikashika kutu, ikazikwa mchangani na matopeni. Colt ilimaliza zile 6,000 bila kukwama. Savage ilipata hitilafu 37. Tarehe 29 Machi 1911 Colt ikawa bastola ya jeshi.

Vitabu vingi humsifu Browning hapo na kufunga mlango. Fundi anauliza: walifanya nini kuhusu magazini? Walizichovya sehemu ya juu kwenye dawa moto ili midomo iwe migumu, chini wakaiacha laini. Magazini za vita vya kwanza zina rangi mbili kwa sababu hiyo, juu kijivu, chini buluu nyeusi, na wakusanyaji wa vitu vya kale wanazitafuta kwa uzuri wake. Uzuri haukuwa lengo. Walijua pale juu ndipo bastola inapofia.

Mwingine aliyejua ni Mrusi Fedor Tokarev. Risasi ya Borchardt ilikuwa imezaa ya Mauser, na ya Mauser ikazaa ya Kisovieti ya 7.62. Katika bastola yake ya miaka ya 1930, Tokarev alichonga njia ya kuongoza risasi ndani ya chuma cha bastola, nyuma ya magazini, ili hata mdomo ukiumia kidogo risasi iende mahali pake. Wachina waliinakili wakaiita aina ya 54. Jeshi letu lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka ule, na China ilitusaidia kwa walimu na silaha. Bastola za Kichina nilizozikuta mezani zilikuwa zimepakwa rangi bila mapenzi na kuchongwa kwa haraka. Zilikula. Nimeona magazini zake zilizogongwa, zilizokanyagwa, na bado zikalisha. Vijana waliocheka sura yake waliacha kucheka uwanjani.

Kazi ya mwisho iliyoachwa na Browning, aliyefariki Herstal mwaka 1926, ilikamilishwa na Mbelgiji Dieudonné Saive. Alipanga risasi 13 katika safu mbili za kupishana zinazokutana kuwa moja karibu na midomo. Bastola hiyo ilitoka mwaka 1935, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Saive akiwa Uingereza, kiwanda cha Inglis cha Toronto kiliitengeneza pia. Safu mbili zikawa kawaida ya dunia. Lakini mahali zinapokutana pana msuguano, na risasi zinasukumana mabegani. Ndiyo maana magazini mpya iliyojazwa hadi risasi ya mwisho ni ngumu, na risasi ya kwanza ndiyo inayogoma.

Umbo la risasi lenyewe lina historia yake. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi zinazotanuka mwilini. Kwa hiyo bastola nyingi za kijeshi za kujipakia zilibuniwa kwa risasi ya ncha ya mviringo, iliyofunikwa chuma chote, inayopanda mteremko bila shida. Miaka ya 1960 raia na polisi wa Marekani wakaanza kutaka risasi zenye tundu puani. Ncha pana ikagonga mteremko uliochongwa kwa ajili ya ncha ya mviringo. Mafundi wakapata kazi ya kung'arisha miteremko, na wengine wakaharibu silaha za watu kwa tupa. Bastola za sasa zimechongwa kwa risasi zote mbili, ila bado zipo zenye upendeleo wake.

Na ukidhani mambo haya yamekwisha, kumbuka Iraki. Jeshi la Marekani lilikuwa na Beretta tangu 1985, bastola iliyopita mitihani mingi. Baada ya uvamizi wa mwaka 2003 askari wakalalamika kwamba haili. Bastola haikuwa na kosa. Magazini zilizonunuliwa kwa matakwa ya jeshi zilitiwa dawa ya kuzuia kutu yenye uso mkavu wa kukwaruza, na vumbi laini la jangwani likaganda humo, sahani inayosukuma risasi ikashindwa kupanda. Dawa ilikuwa magazini zenye uso unaoteleza. Jeshi tajiri kuliko yote duniani, miaka 124 baada ya hataza ya Lee, likarudishwa shule na bati.

Kwa hiyo mteja anaponiambia, "Mzee, hii mpya mbovu," namsikiliza kwa adabu kisha nafuata mpangilio niliofundishwa na hao wote. Kwanza naondoa mafuta mazito ya kiwandani, yale ya kuzuia kutu safarini. Wengi hupiga risasi bila kuyafuta. Pili naleta magazini nyingine ya aina hiyo hiyo: ikila, kesi imekwisha. Tatu natafuta risasi za ncha ya mviringo zenye nguvu ya kawaida, kwani bastola mpya ina springi kali na risasi dhaifu haiirudishi slaidi hadi mwisho. Nne namtazama anavyoshika. Kifundo cha mkono kikilegea, bastola yote inarudi nyuma pamoja na slaidi, na nguvu ya kulisha inapotea hewani. Tano namwacha apige mazoezi ya kutosha vyuma vizoeane. Mteremko na chemba ni vya mwisho, na hapo namrudisha kwa aliyemuuzia, kwa sababu chuma kilichokatwa kwa tupa hakirudi.

Kabla hajaondoka namwambia anunue kalamu ya rangi na kuandika namba kwenye kila magazini, 1, 2, 3, kisha kila ikikwama aandike ni ipi. Wajerumani waligonga namba kwa nyundo; kalamu inatosha. Baada ya siku chache uwanjani magazini mbovu itajitaja. Ikishajitaja, aivunje midomo kwa koleo palepale na kuitupa. Asiirudishe kabatini, wala asimgawie mwenzake, kwa maana magazini mbovu iliyorudishwa ghalani ndiyo inayomfanya fundi mwingine, miaka ishirini baadaye, afungue bastola nzima akitafuta kosa lisilokuwemo.